Majani Yenye Wino Mwekundu

Nilipokwenda kufundisha ng'ambo ya Sikonge, kwenye barabara ya vumbi inayoelekea Ipole, begi langu lilikuwa na nguo chache, mswada wa riwaya uliofika nusu, na kalamu nyekundu tatu. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa Kiswahili katika shule ya kata. Dar es Salaam nilikuwa nimewaacha wenzangu wa kundi letu la waandishi, watu tuliokutana kila Jumamosi kusomeana kazi na kubishana juu ya sentensi moja mpaka chai inapoa. Huko nilijifunza kuamini kwamba hakuna jambo gumu duniani, ila lipo jambo ambalo bado halijapatiwa mfano wake. Kwa hiyo mkuu wa shule aliponiita ofisini na kuniomba nizungumze na wazazi kuhusu mtaala mpya, sikusita hata kidogo.

"Mwalimu wa taaluma atausoma waraka," akaniambia. "Wewe utawaeleza maana yake. Maneno unayo."

Shule yetu ilikuwa imeanza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi, fani ya kilimo. Mwanafunzi wa mkondo huo hapimwi ujuzi wake kwa mtihani wa mwisho peke yake. Anachagua mradi, anaufanya mwaka baada ya mwaka, anaandika kila alichofanya na kilichotokea, na karatasi hizo zinakaa ndani ya faili. Alama za faili zinaungana na za mitihani. Kwetu walimu hayo yalikuwa mambo ya semina na makaratasi. Kwa wazazi zilikuwa tetesi. Wengine walisikia kwamba divisheni zimefutwa. Wengine walisikia kwamba amali ni shimo la kuwatupia watoto walioshindwa.

Walikuja asubuhi ya siku ya mkutano, baiskeli zikaegemea ukuta wote wa darasa la kidato cha pili. Watu wazima waliotoka moja kwa moja shambani kuvuna tumbaku wakajikunja kwenye madawati ya watoto wao, magoti juu. Mwalimu wa taaluma aliusoma waraka kuanzia kichwa cha habari mpaka sahihi ya chini. Yeye ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati mababu wa huku walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani kwa njia ambayo mpaka leo inapita nyuma ya shule yetu, sasa ni ya ng'ombe na baiskeli. Kwa hiyo hakuachwa asome kwa amani. Mzee mmoja alimuuliza kama hicho anachosoma ni Kiswahili au ni maneno ya kuuzia samaki. Watu wakacheka. Kicheko kilipoisha nikaona nyuso zilezile, za watu ambao hawajaelewa na wana adabu ya kutosema.

Baba mmoja ndiye aliyethubutu. Mwanawe amepangiwa amali. Je, kosa lake lilikuwa nini? Mwalimu wa taaluma akamweleza kwamba hakuna kosa, kwamba mikondo yote miwili, wa jumla na wa amali, ina vyeti na ina njia ya kuendelea mbele. Yule baba aliitikia kwa kichwa, namna mtu anavyomwitikia daktari asiyemwamini.

Ndipo nikasimama mimi. Nilikuwa nimeazima kwa jirani fungu la majani ya tumbaku yaliyokauka vizuri, rangi ya chungwa. Nililiinua juu, na darasa zima likaacha kujikuna.

"Zamani mtoto alikuwa mtumba wa tumbaku," nikasema. "Miaka minne mnalima, mnavuna, mnakausha, mnafunga. Halafu siku moja tu mteuzi anakuja sokoni. Anaingiza mkono, anachomoa jani, anaandika daraja. Kama siku hiyo mvua ilikunyeshea njiani, basi."

"Basi," wakaitikia, na niliwasikia wakikumbuka mvua zao.

"Sasa mteuzi anakuja shambani. Anakuja kila wiki. Kila karatasi ya faili la mtoto ni jani. Mwisho tunayafunga yote pamoja, na mtumba wote ndio unaopewa daraja."

Sijawahi kusomea watu ukurasa wowote wa riwaya yangu ukapokelewa namna ile. Wazee walitikisa vichwa. Mtu mmoja alimtafsiria mwenzake kwa Kinyamwezi, na mwenzake akacheka kwa furaha ya kulielewa jambo. Kwenye benchi la tatu mwanamke mmoja aliyevaa kitenge cha kwaya ya Moravian alinyoosha mkono. Aliuliza taratibu: je, kama ndani ya mtumba kuna majani mabaya?

Nilikuwa bado naelea juu ya kicheko. "Mama," nikamjibu, "wewe ndiye unayejua zaidi yangu. Mteuzi akikuta jani bovu katikati ya mazuri, inakuwaje?"

Wakacheka wote, kwa sababu wote walijua. Mkulima wa tumbaku hukaa siku nyingi akichambua, kila jani na daraja lake. Mabaya yakikutwa yamefichwa katikati ya mazuri, mtumba mzima unakataliwa na mwenyewe anaonekana mlaghai mbele ya chama cha msingi cha ushirika. Mimi nilitaka kusema kwamba mtoto ajitahidi tangu mwanzo. Yule mama alikaa akiwa amepokea agizo.

Kabla ya likizo ya Pasaka wanafunzi walipewa mafaili wayapeleke nyumbani, wazazi wayaone na kutia sahihi. Hilo nalo lilikuwa wazo langu.

Katika kidato cha pili kulikuwa na msichana aliyechagua nyuki. Babu yake aliacha mizinga miwili ya magogo porini, na yeye alikuwa akiiendea tangu kidato cha kwanza, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Alitaka siku moja asome kwenye chuo cha nyuki mjini, na alilisema hilo waziwazi, jambo ambalo watoto wa pale huwa hawalifanyi kwa kuogopa kuchekwa. Kabla ya kumpelekea mwalimu wa kilimo karatasi zake, alikuwa akiniletea mimi nitazame lugha. Zilikuwa kumbukumbu za mwaka mbaya. Nyuki hawakuingia. Siafu waliingia. Nyuki wakaja, wakakaa wiki chache, wakahama. Kisha siku moja aliandika hivi: "Leo nyegere amekuja kabla yangu. Ameangusha mzinga na kula kila kitu. Nyuki wachache wanazunguka pale mzinga ulipokuwa, kama watu waliorudi safari wakakuta nyumba imehamishwa."

Nilipoisoma sentensi hiyo nilisimama nje ya chumba changu nikaisoma tena kwa sauti. Nilijaza pambizo zote kwa kalamu yangu nyekundu. Vizuri sana. Endelea. Umeonaje jambo hili? Nilichora mistari, nikaweka alama za mshangao, na karatasi zake zote za mwaka huo, za kabla na za baadaye, nilizifanyia hivyo hivyo.

Likizo ilipokwisha aliniletea faili. Nililipokea, nikahisi wepesi wake kabla sijalifungua. Mwaka wa kwanza wote haukuwemo. Zilibaki karatasi za mwaka huu, ambazo hakuzipitisha kwangu, safi, zenye alama nzuri za mwalimu wa kilimo kwa wino wa bluu.

Nilimuuliza zingine ziko wapi. Alitazama sakafu.

"Mama amechambua," akasema.

Mwalimu wa taaluma alipoliona alikunja uso, si kwa hasira. Alama za mradi zilikuwa ziingizwe ifikapo Ijumaa ya wiki iliyofuata. Bila kumbukumbu za mwaka wa kwanza, mradi ungehesabiwa kuwa haukufanyika, na msichana angelazimika kuanza mwingine pamoja na kidato cha kwanza. Angekuwa nyuma ya wenzake mpaka mwisho. Akasema tutafute karatasi hizo popote zilipo.

Mchana huo niliazima baiskeli. Nilimkuta mama, yule wa benchi la tatu, kwenye kibanda chake cha kuchambulia, ameketi juu ya gunia katikati ya mafungu ya majani, mikono imenata utomvu mpaka kwenye viwiko. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kazi, akanisogezea kigoda kwa mguu. Alinichekea. Alikuwa ananisubiri, akaniambia, kwa sababu alijua nitakuja kushukuru.

Alisoma mpaka darasa la tatu, na macho yake sasa hayashiki maandishi ya mkono. Lakini wino mwekundu aliujua tangu akiwa mtoto kuwa ni wino wa makosa. Alilifungua faili la binti yake mlangoni, kwenye mwanga, akaenda karatasi moja moja kama aendavyo jani moja moja. Zilizo safi aliziweka kulia. Zenye wekundu kidogo aliziangalia mara mbili, kisha nazo akaziondoa. Zile zilizojaa wekundu kila upande, mpaka pembeni, alizitenga kabisa. Kisha bani la kukaushia tumbaku lilipokuwa tayari kuwashwa, akazitumia kuwashia moto.

"Nilifanya kama ulivyosema, mwalimu," akasema. "Mteuzi asikute kitu."

Kisha nikamwambia. Nikamwambia kwamba wino ule ulikuwa wangu. Kwamba ulikuwa sifa. Kwamba zile alizochoma ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote, na hata zingekuwa mbaya zilitakiwa zibaki, kwa sababu wanaopima wanataka kuona mtoto alivyoanza, alivyoshindwa na alivyorekebisha. Nikamwambia pia kwamba mfano niliowapa darasani haukuwa sawasawa, na kwamba kosa lilikuwa langu.

Mikono yake ilisimama. Alilitazama jani aliloshika, akaliweka chini bila kuangalia ni fungu gani.

"Kwa hiyo nimemchomea mtoto."

Alijifuta mikono kwenye kanga ya kazi, polepole, kila kidole. Kisha akanitazama kwa namna mpya, kama mtu aliyekumbuka kwamba mgeni wake ana ufundi fulani.

"Wanasema wewe unatunga vitabu," akasema. "Hizo karatasi ulizisoma. Mtungie basi. Nani atajua?"

Nilimwambia nitafikiri. Ningeweza kusema hapana pale pale, lakini mama wa watu alikuwa ameketi mbele yangu na majivu ya kazi ya mwanawe yakiwa hatua ishirini kutoka hapo, na mimi ndiye niliyempa kiberiti. Njiani nilianza kutunga bila kujiamuru. Miti ya miombo ilipita kulia na kushoto, gurudumu likalia, na sentensi zikaja zenyewe. Nilipofika shule nilikuwa na kurasa tatu kichwani. Nikaziandika kabla jua halijazama, kwa kuigiza mwandiko wa mtoto. Zilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka sasa: nilifurahia kuziandika.

Asubuhi yake nilimwita msichana maktaba, chumba chenye rafu mbili, nikamsomea. Alisikiliza kwa makini yote, mikono magotini.

"Nyegere hakuja siku hiyo, mwalimu," akasema nilipomaliza. "Alikuja baada ya Saba Saba. Na mzinga haukuwa juu ya mninga. Ulikuwa kwenye mti wa mtundu."

Nikasema hayo tunaweza kuyarekebisha.

Alifikiri tena. Alikuwa mtoto mwenye heshima, na niliona anatafuta njia ya kunieleza bila kunivunja moyo.

"Ni nzuri, mwalimu. Lakini humo ndani mimi simo."

Nililifunga daftari. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuzikumbuka. Akasema anakumbuka mambo, ila hajui lipi lilitangulia lipi, wala alikwenda mara ngapi, na akibahatisha itakuwa ni kutunga vilevile.

Jumatano ya wiki iliyofuata mama alikuja shuleni kwa miguu. Alivaa kile kitenge cha kwaya na kubeba kitu alichokizungushia leso. Hakupitia kwangu. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya taaluma, na mimi na binti yake tukaitwa baadaye, tukawakuta tayari wako katikati ya utani, kwani ndivyo anavyoanza Mnyamwezi mwenye shida kwa Mzaramo.

"Mababu zangu waliwabebea mizigo mpaka mabega yakaota sugu," alikuwa akimwambia. "Ninyi mmekaa pwani mnakuna nazi. Leo nakuja na mzigo mdogo hivi, unanikunjia uso."

"Kubeba mlibeba," akajibu mwalimu wa taaluma, "lakini mlilalamika njia nzima. Haya mtani, fungua tuone."

Alifungua leso. Ndani kulikuwa na kamba ya katani, ile ya kufungia tumbaku, ndefu, imejaa mafundo.

Akaeleza. Bibi yake aliwahi kumsimulia kwamba mwanaume akienda safari ya mizigo, mke alitundika kamba mlangoni, akafunga fundo kila siku mpaka arudi. Yeye hakuwa na mume wa kusubiri, alikuwa na binti anayekwenda porini peke yake kwenye nyuki na nyegere. Tangu siku ya kwanza ya mradi, mtoto akitoka, mama anafunga fundo; akirudi salama, analikaza. Aliifanya kwa ajili ya moyo wake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba ni maandishi.

Mwalimu wa taaluma aliishika kamba, akaipitisha vidoleni. Utani ulikuwa umemtoka. Aliuliza fundo hili lenye kitambaa cheupe ni la nini.

"Siku hiyo alirudi amevimba uso wote, jicho moja halionekani. Nilimfunga kitambaa, na kamba nikaifunga."

"Na hili la mara mbili?"

Mama alimtazama binti yake. Msichana akasogea, akaligusa fundo, akahesabu kurudi nyuma kwa midomo bila sauti.

"Nyegere," akasema. "Nilirudi nalia. Siku mbili baada ya Saba Saba, kwa sababu sare ya sherehe nilikuwa nimeifua asubuhi hiyo, ilikuwa bado haijakauka."

Tulikaa mpaka kengele ya mchana. Msichana alishika kamba kuanzia mwanzo, fundo baada ya fundo, mama akikumbusha hali ya hewa, nani alikuwa mgonjwa nyumbani, bani lilikuwa la mvuno wa ngapi, na mtoto akisema kile alichokiona porini siku hiyo. Pale asipokumbuka alisema sikumbuki. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Sikuongeza neno. Zaidi ya mara moja nililitamani neno zuri zaidi, nikaliacha lipite. Nilipofika kwenye nyuki waliozunguka mahali pa mzinga nilisubiri ile sentensi ya nyumba iliyohamishwa, lakini safari hii hakuisema. Alisema tu kwamba walizunguka. Nikaandika walizunguka.

Mwalimu wa taaluma hakuahidi kitu. Aliandika kwa mkono wake juu ya ukurasa wa kwanza kwamba kumbukumbu za awali zilipotea nyumbani, na hizi zimesimuliwa na mwanafunzi mbele ya mzazi. Alhamisi mwalimu wa kilimo alikwenda porini na msichana kuiona mizinga kwa macho yake. Akarudi ameumwa mara mbili na kuridhika. Kamba ilishonwa ndani ya jalada la faili kwa sindano ya magunia. Ijumaa alama ziliingizwa. Mradi ulihesabiwa kuwa umefanyika. Kwa mwaka wa kwanza alipata alama za wastani, chini ya alizostahili, kwani kumbukumbu iliyosimuliwa haiwezi kulingana na iliyoandikwa siku ileile. Nilitaka kubisha. Msichana hakutaka. Alisema zinatosha kwenda mbele, na mwaka huu nyuki wameingia mizinga yote miwili.

Kwenye mkutano uliofuata wa wazazi mkuu wa shule hakuniita mimi. Alimwita mama. Alisimama pale pale benchi la tatu, hakwenda mbele, akaongea kwa Kinyamwezi. Kinyamwezi changu ni cha mjini, cha kusalimia na kununulia karanga, kwa hiyo nilishika kidogo: moto, karatasi, nyekundu. Niliona wanawake wawili wakitazamana na kushika vichwa, na nikaelewa kwamba si yeye peke yake aliyepotezwa na mfano wangu. Yule baba aliyeuliza kosa la mwanawe aliuliza tena kitu, mama akamjibu kwa kirefu, na safari hii aliitikia kwa kichwa namna nyingine.

Walipotawanyika alinifuata mlangoni. Nilimwomba tena msamaha, akapunga mkono kana kwamba anafukuza inzi. Alikuwa na jambo la maana zaidi. Alichungulia ofisini, lilipokuwa limekaa kabati la mafaili, akarudisha macho kwangu.

"Ile kamba yangu mtanirudishia lini, mwanangu?" akauliza. "Huyu bado anakwenda porini."

Nikamwambia itakaa shuleni mpaka kidato cha nne. Alifikiri kidogo. Kisha akaenda kwenye baiskeli ya jirani yake, iliyofungwa furushi kwa katani nyuma, akakata kipande kirefu bila kuomba, akakizungusha kiganjani. Kabla hajafika barabarani niliona vidole vyake tayari vinafunga fundo.